Dhoruba ipi ilikuwa kali zaidi? Vipimo vya upepo na hali mbaya ya hewa bega kwa bega

Mwaka 2019, ndani ya wiki sita, vimbunga viwili viliipiga Msumbiji. Cha kwanza, Idai, kiliingia nchi kavu karibu na Beira usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi. Cha pili, Kenneth, kiliingia Cabo Delgado tarehe 25 Aprili. Kwa kasi ya upepo, Kenneth ndicho kilichokuwa kikali: kwenye kilele chake, wastani wa upepo kwa dakika 10 ulikadiriwa kufika kilomita 215 kwa saa, na wa Idai 195. Ukihesabu makaburi, mambo yanageuka. Idai kiliua zaidi ya watu 1,000 Msumbiji, Zimbabwe na Malawi, na vifo vya Kenneth vilihesabika kwa makumi.

Nimeanza na ndugu hawa wawili kwa sababu kila dhoruba inapotangazwa tunang'ang'ania namba moja, iwe daraja, kasi au "rekodi", na tunaitumia kuamua kila kitu: tukimbie au tubaki, tujenge vipi, tulipe fidia kiasi gani. Namba yenyewe haidanganyi, ila kila kipimo kilitengenezwa kujibu swali fulani, na swali hilo mara nyingi silo tulilonalo. Hapa nimeviweka vipimo bega kwa bega ili anayechagua ajue anapata nini na anaacha nini. Nitakaa sana kwenye upepo, maana huko vipimo ni vingi na mkanganyiko ni mwingi vilevile. Mvua, joto na ukame nitavipitia haraka.

Kwanza, upepo huo ulipimwaje?

Upepo hauendi kwa kasi moja. Simama nje siku yenye upepo mkali uusikilize: unapiga, unalegea, unapiga tena kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo kasi utakayoandika inategemea umechukua wastani wa muda gani. Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) linapendekeza wastani wa dakika 10, kifaa kikiwa mita 10 juu ya ardhi mahali pa wazi. Marekani hutumia dakika 1, na India dakika 3. Vishindo, yaani ule upepo unaopiga ghafla na kupita, hupimwa kwa sekunde 3. Baharini, wastani wa dakika 1 huwa juu ya ule wa dakika 10 kwa asilimia 7 hivi, na wapo waliozoea kuongeza hadi 14. Ndiyo maana kimbunga kilekile kinaweza kuwa cha kilomita 200 kwa ofisi moja na 215 kwa nyingine, na hakuna aliyekosea.

Nimeona watu wakipanga vimbunga vya bahari tofauti katika orodha moja bila kugusa jambo hili. Orodha ya namna hiyo haina thamani, hata ikichorwa vizuri namna gani.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa kawaida haambiwi. Katikati ya bahari hakuna kipimaupepo. Sehemu kubwa ya dunia hutegemea mbinu ya Vernon Dvorak ya miaka ya 1970, ambapo mtaalamu hutazama picha ya satelaiti, akaangalia jinsi mawingu yalivyojikunja na jicho lilivyo, kisha akatoa alama kati ya 1 na 8. Alama hizo ndizo zinazogeuzwa kuwa kasi. Ndege zinazoingia ndani ya kimbunga na kuangusha vifaa vya kupimia hutumika zaidi upande wa Atlantiki. Kwa hiyo unapokuta 195 na 215, jua ni makadirio ya watu makini, na tofauti ya kilomita chache kati ya vimbunga viwili isikukoseshe usingizi.

Kwa nini basi tuhangaike na asilimia hizi? Kwa sababu nguvu ya upepo haipandi sambamba na kasi yake. Chukua mlango wenye eneo la mita 2 za mraba. Upepo wa kilomita 72 kwa saa ukiupiga uso kwa uso, unausukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 50 hivi, kama kijana mwembamba aliyeuegemea. Ongeza kasi mara mbili, iwe kilomita 144, na msukumo unafika kilo 200: watu watatu wameuwekea mabega. Kasi imeongezeka mara mbili, msukumo mara nne. Na nishati ambayo upepo hupitisha kila sekunde inapanda mara nane, kwa kuwa yenyewe hufuata kipeo cha tatu cha kasi. Hivi vipeo viwili, cha pili na cha tatu, vishike. Karibu kila kipimo kilichobaki kimejengwa juu ya kimojawapo.

Beaufort na Saffir-Simpson

Wengi huvilinganisha kana kwamba ni washindani, lakini kimoja kinaishia pale kingine kinapoanzia.

Francis Beaufort, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliandika kipimo chake mwaka 1805. Hakupima kasi. Alitazama manowari inaweza kubeba matanga mangapi. Baadaye kikaongezewa alama za bahari na za nchi kavu, na hapo ndipo uzuri wake ulipo hadi leo: hakihitaji chombo. Daraja 0, moshi unapanda wima. Daraja 6, kilomita 39 hadi 49 kwa saa, matawi makubwa yanayumba na mwavuli unakushinda. Daraja 8, kilomita 62 hadi 74, vitawi vinakatika na kutembea kuukabili upepo ni kazi. Daraja 12 linaanza kilomita 118, na hapo kipimo kinafunga mlango. Kilichozidi hapo, chochote kile, ni 12. Mwaka 1946 kiliongezwa hadi 17, lakini madaraja hayo ya juu hutumika zaidi China na Taiwan.

Saffir-Simpson kinaanza kilomita 119. Herbert Saffir alikuwa mhandisi wa ujenzi na Robert Simpson alikuwa mkuu wa kituo cha Marekani cha vimbunga. Walikitoa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Daraja la 1 ni kilomita 119 hadi 153, la 2 linafika 177, la 3 linafika 208, la 4 linafika 251, na la 5 ni 252 kwenda juu. Vipimo vyote hivyo ni vya wastani wa dakika 1. Ni kipimo cha mhandisi: kinakueleza kwa uaminifu kitakachopata paa, ukuta na nguzo.

Kasoro zake ni mbili. Ndogo ni kwamba daraja la 5 halina dari. Kimbunga Patricia cha mwaka 2015 kilifika kilomita 345 kwa saa na kiko katika daraja moja na kile cha 252, ingawa kwa kipeo cha pili kinasukuma ukuta kwa nguvu inayokaribia mara mbili. Kasoro kubwa ni maji. Mwanzoni kipimo kilitaja pia kina cha bahari inayopanda nchi kavu. Mwaka 2010 maelezo hayo yaliondolewa, kwa sababu yalikuwa yanapotosha: kupanda kwa bahari kunategemea upana wa kimbunga, mwendo wake, umbo la pwani na kina cha maji karibu na ufuko, na kasi ya upepo ni sehemu moja tu ya hesabu. Katrina ya 2005 iliingia nchi kavu Louisiana ikiwa daraja la 3, na pwani ya Mississippi bahari ikapanda zaidi ya mita 8. Sandy ya 2012 ilipofika New Jersey upepo wake ulikuwa wa kiwango cha daraja la 1 na wataalamu walikwisha kuacha kuiita kimbunga, lakini maji yaliingia hadi kwenye mahandaki ya treni New York. Harvey ya 2017 ilishushwa daraja siku moja baada ya kuingia Texas, kisha ikakaa palepale ikimwaga mvua; kituo kimoja kilikusanya zaidi ya milimita 1,500.

Uchunguzi wa vifo vilivyoletwa moja kwa moja na vimbunga nchini Marekani kati ya 1963 na 2012 ulikuta kwamba karibu 9 kati ya kila 10 vilitokana na maji, na nusu hivi ya vyote ni bahari iliyopanda. Upepo ndio unaopewa daraja, na maji ndiyo yanayoua. Mtu akisikia "daraja la 2 tu" akaamua kubaki ufukweni, ametumia kipimo cha paa kujibu swali la mafuriko.

Kwa anayetoka na chombo kidogo baharini, ningempa Beaufort bila kusita. Kwa anayetaka kujua kama paa litastahimili, Saffir-Simpson. Kwa anayeamua kuhama au kutohama, vyote viwili viwe pembeni. Aulize kwanza bahari itapanda mita ngapi na mvua itanyesha milimita ngapi.

Fujita na rada: kusoma vifusi au kupima upepo wenyewe

Tonado ni mnyama mwingine. Ni nguzo ya upepo unaozunguka, inapita mahali kwa dakika chache, na ni nadra sana ikute kipimaupepo njiani. Ikikikuta, hukivunja. Kwa hiyo Tetsuya Fujita wa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1971 alirudi nyuma: tazama kilichovunjika, kisha kadiria upepo uliovunja. Toleo lililoboreshwa la kipimo chake, linaloandikwa EF, limetumika Marekani tangu 2007. Lina viashiria 28, kuanzia miti na mabanda hadi shule na majengo marefu, na kila kimoja kina ngazi zake za uharibifu. EF0 inaanza kilomita 105 hivi, EF5 ni zaidi ya 322, zote kwa kishindo cha sekunde 3.

Sasa linganisha na rada. Tarehe 31 Mei 2013 tonado ya El Reno, Oklahoma, ilitanuka hadi upana wa kilomita 4.2, na rada zilizobebwa kwenye magari zilipima upepo uliozidi kilomita 480 kwa saa. Ikaandikwa EF3. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya njia yake ilikuwa mashamba. Upepo ule haukukuta nyumba ya kuvunja pale ulipokuwa mkali kupita kiasi, na kipimo kinasoma kilichovunjika tu.

Je, hilo ni kosa? Nadhani ni uamuzi unaoeleweka. Rada za namna hiyo zipo kwa tonado chache mno. Ukizipa daraja la rada zile zilizobahatika kupimwa, na nyingine zote daraja la vifusi, umeharibu takwimu za miongo mingi. Anayelinganisha miaka atumie vifusi na avumilie udhaifu wake. Anayetaka kujua tonado inaweza kufika wapi asome rada. Asichanganye safu hizo mbili.

Dhoruba pana: kipimo kinachouliza mahali pamezoea nini

Dhoruba za baridi za kaskazini-magharibi mwa Ulaya hazina jicho, na madaraja ya vimbunga hayazifai. Hatari yake ni upana. Lothar ya tarehe 26 Desemba 1999 ilivuka kaskazini mwa Ufaransa hadi Ujerumani ikiangusha misitu mizima, na kesho yake Martin ikapita kusini kidogo ya njia hiyo. Kabla yake kulikuwa na Daria ya Januari 1990, na baadaye Kyrill ya Januari 2007. Ukiuliza kishindo kikubwa kuliko vyote tu, umepima nukta moja ya kitu chenye upana wa mamia ya kilomita.

Hubert Lamb, mwanahistoria wa hali ya hewa, mwaka 1991 alipendekeza fahirisi inayozidisha vitu vitatu: kipeo cha tatu cha kasi ya juu kabisa, eneo lililoathirika, na muda. Ni nzuri kwa dhoruba za kale ambazo tunazo kumbukumbu chache tu. Fahirisi iliyokuja baadaye, na ambayo mimi naiona ndiyo yenye fikra kuliko zote kwenye makala hii, ni ile ya Klawa na Ulbrich ya mwaka 2003. Hii inauliza kila mahali peke yake: upepo huu umezidi ule uliozoeleka *hapa* kwa kiasi gani? Kizingiti ni kasi ambayo siku 98 kati ya 100 za mahali hapo haziifikii. Gawanya kasi ya dhoruba kwa kizingiti, toa 1, kisha chukua kipeo cha tatu. Iliyo chini ya kizingiti haihesabiwi.

Tuifanye kwa mkono, kwa namba za mfano. Kituo cha ufukweni kizingiti chake ni mita 25 kwa sekunde. Kituo cha bara kizingiti chake ni 15. Dhoruba moja imeleta mita 30 kwa sekunde kwenye vyote viwili. Ufukweni: 30 kwa 25 ni 1.2, toa 1 inabaki 0.2, na kipeo chake cha tatu ni 0.008. Bara: 30 kwa 15 ni 2, toa 1 inabaki 1, na kipeo chake cha tatu ni 1. Upepo uleule, na bara imepata alama mara 125 ya ufukweni. Aliyewahi kutazama miti ya mahali penye upepo wa kila siku, mifupi, iliyoinama upande mmoja, mizizi imeng'ang'ania, ataelewa mara moja kwa nini hesabu hii ina busara. Miti ya bara haikukua ikijiandaa kwa siku hiyo, na mapaa ya huko hayakupigiliwa kwa ajili yake.

Lakini kipeo cha tatu hakisamehe. Kama kituo cha ufukweni kilikosea kwa asilimia 10 kikaandika 33 badala ya 30, alama yake inapanda kutoka 0.008 hadi karibu 0.033, yaani mara nne. Pia unahitaji miaka mingi ya data safi ili kizingiti kiwe cha kuaminika, na wengi hupima uzito wa kila mahali kwa idadi ya watu, hivyo dhoruba iliyovuma juu ya bahari au msitu usio na watu huonekana ndogo. Ukiwa kampuni ya bima, hilo ndilo unalotaka. Ukiwa mtafiti wa misitu, ondoa uzito huo kabla hujaanza.

ACE, nishati mwendo na barometa

Hivi vitatu hujaribu kupima kimbunga kizima. ACE, kifupi cha Kiingereza cha nishati ya kimbunga iliyojumlishwa, ndiyo rahisi: kila saa 6 chukua kasi ya juu kabisa kwa noti (noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa), izidishe kwa yenyewe, jumlisha vyote, gawanya kwa 10,000. Kimbunga cha noti 100 kilichodumu siku moja kina vipimo vinne, na kinapata 4. Cha noti 50 kilichodumu siku nne kina vipimo 16, na kinapata 4 vilevile. Hapo unaona uwezo na udhaifu wake kwa mara moja: kinathamini uhai mrefu, na hakijui upana wala mvua. Freddy ya 2023 ilidumu siku 36 kwa hesabu ya WMO, ikitoka upande wa Australia hadi Madagaska na Msumbiji, na hakuna kimbunga kilichowahi kudumu hivyo. ACE yake ilikuwa kubwa mno. Ila vifo vingi vilitokea Malawi, ambako upepo wake ulikwisha kudhoofika na mvua ikaporomosha miteremko juu ya watu. Tumia ACE kulinganisha misimu, mwaka huu na uliopita. Kwa onyo la kesho haikusaidii.

Nishati mwendo hujumlisha nishati ya upepo wote juu ya eneo lote la kimbunga. Humo Sandy, ambayo upepo wake wa dhoruba ulitanda zaidi ya kilomita 1,500, inaiacha mbali Andrew ya 1992 iliyokuwa daraja la 5 lakini ndogo. Kwa kukisia bahari itasukumwa kiasi gani, hiki kinashinda daraja. Tatizo ni kwamba kinahitaji ramani kamili ya upepo, na bahari nyingi hazina.

Barometa naiona inadharauliwa bila sababu. Haing'olewi na upepo, na mgandamizo wa hewa katikati ya kimbunga ni kitu kimoja kisichobishaniwa wastani wa dakika ngapi. Rekodi ya chini kabisa kwenye usawa wa bahari ni hektopaskali 870, ndani ya kimbunga Tip, tarehe 12 Oktoba 1979. Patricia ilishuka hadi 872, karibu sawa, lakini upepo wake ulikuwa mkali kuliko wa Tip, kwa sababu Tip ilikuwa pana kupindukia na tofauti ile ya mgandamizo ilitandazwa juu ya eneo kubwa. Mgandamizo na upepo vikisomwa pamoja vinakuonyesha umbo.

Rekodi, au kipindi cha kujirudia?

Rekodi inasisimua. Kishindo kikubwa kilichothibitishwa nje ya tonado ni kilomita 408 kwa saa, kisiwa cha Barrow, Australia, tarehe 10 Aprili 1996, kimbunga Olivia kilipopita. Ilichukua hadi 2010 WMO kukikubali, na kikaishinda ile ya kilomita 372 ya mlima Washington, Marekani, ya mwaka 1934. Rekodi inakuambia palikuwa na chombo na chombo kikasalimika. Huwezi kujengea nyumba rekodi.

Anayejenga anahitaji kipindi cha kujirudia: upepo wa miaka 50, mafuriko ya miaka 100. Ni kipimo kizuri chenye jina baya. "Dhoruba ya miaka 100" haimaanishi ikija leo tumepumzika hadi wajukuu. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, hata mwaka unaofuata. Nyumba utakayoishi miaka 30 ina uwezekano wa asilimia 26 wa kuipata angalau mara moja. Kwa miaka 100 ni asilimia 63. Natamani kila anayetangaza aseme "asilimia 1 kwa mwaka" na jina lile la zamani liachwe. Zaidi ya hapo, kukadiria dhoruba ya miaka 100 kwa data ya miaka 30 ni kurusha jiwe gizani kwa ustadi. Omba upewe kiwango cha chini na cha juu, si namba moja. Na hali ya hewa inapobadilika, asilimia 1 ya babu huenda si asilimia 1 yako.

Mvua, joto, ukame

Mvua: milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Bila muda, milimita hazina maana. Foc-Foc, kisiwani Réunion, ilipata milimita 1,825 kwa saa 24 Januari 1966. Holt, Missouri, ilipata 305 kwa dakika 42 mwaka 1947. Ya kwanza hujaza mito mikubwa, ya pili hufagia korongo kabla hujavaa viatu. Kwa mto mkubwa chagua jumla ya siku; kwa mtaro wa mji chagua ya saa moja au pungufu.

Joto: hapa nauliza tena swali lile la mahali pamezoea nini. Lytton, Kanada, ilifika nyuzi 49.6 tarehe 29 Juni 2021. Rekodi ya nchi nzima kabla ya wiki ile ilikuwa 45.0, ya mwaka 1937. Kwa jangwa nyuzi 49 ni majira ya joto tu. Kwa Kanada ni jambo lililovunja rekodi kwa zaidi ya nyuzi 4, na rekodi kwa kawaida huvunjwa kwa sehemu ya nyuzi. Kwa kutangaza upekee, tumia tofauti na kawaida ya mahali. Kwa kulinda miili ya watu, tumia kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi, kwa sababu kinapima kama jasho bado linaweza kukauka. Kikifika nyuzi 35, hata mwenye afya aliyekaa kivulini na maji tele hawezi kustahimili kwa saa nyingi, na wengi hulemewa chini sana ya hapo.

Ukame: fahirisi ya Palmer ya 1965 inajumuisha mvua, joto na unyevu wa udongo, lakini ni ngumu kuilinganisha kati ya nchi. SPI ya 1993, yaani fahirisi sanifu ya mvua, inatumia mvua peke yake, na -2 ni ukame wa kupindukia popote ulipo. WMO iliipendekeza mwaka 2009. Ningechagua SPI kwa kuanzia, ya miezi 3 kwa mazao na ya miezi 12 kwa mabwawa. Joto likiwa ndilo linalokausha ardhi, nenda SPEI ya 2010, ndugu yake SPI, inayohesabu na maji yanayopotea hewani.

Kupima kwa vifo na hasara

Kuna wanaosema tuache fizikia, tuhesabu madhara. Tazama Ghuba ya Bengali. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Cha Aprili 1991 kiliua karibu 139,000. Sidr ya Novemba 2007, ambayo upepo wake ulikaribia ule wa 1991, iliua zaidi ya 3,000. Bahari haikuwa pole zaidi. Kati ya miaka hiyo Bangladesh ilijenga majengo ya kujisitiri yaliyoinuliwa juu ya maji, na maelfu ya watu wa kujitolea walikuwa wakipita na vipaza sauti kuwaonya majirani. Kwa hiyo vifo hupima dhoruba na utayari kwa pamoja, na huwezi kuvitenganisha kwa namba hiyo pekee. Ukitaka kujua kama onyo linafanya kazi, ni kipimo bora kabisa. Ukitaka kudai dhoruba zimepungua nguvu, hakifai kitu. Hasara za fedha zina shida zaidi: mji ukikua maradufu, dhoruba ileile huonekana imekua maradufu.

Ukiwa wewe ndiye unayeandika namba

Chagua kipimo baada ya kujua nani atakitumia na kwa uamuzi gani, kisha uandike kila kinachomwezesha mwingine kukilinganisha. Mfano wa kumbukumbu ninayoweza kuiamini ni huu: "Kishindo kilomita 131 kwa saa, sekunde 3, wastani wa dakika 10 kilomita 92, kifaa mita 10, mahali pa wazi, saa 9:40 alasiri, mvua milimita 64 ndani ya saa mbili, mgandamizo hektopaskali 981 na unashuka." Anayeisoma miaka 40 baadaye anaweza kuitia kwenye fahirisi yoyote, hata ambayo bado haijabuniwa. Na kama kifaa kiling'oka saa 9:52, andika hilo pia, kwa sababu bila mstari huo atadhani 131 ndiyo ilikuwa kilele.